Wanangu wa Mzuzu nitawaagaje?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni mzaliwa wa Tukuyu ila nakuandikia nikiwa Mzuzu, Malawi, nafundisha shule moja ya binafsi huku tangu Septemba 2023, nilianza nao darasa la kwanza nikapanda nao la pili, watoto 34. Julai hii muhula ukifungwa na mkataba wangu unaisha, narudi nyumbani. Kiukweli mwanzoni nilikuwa nahesabu siku tu, baridi na kahawa ni kama kwetu lakini Kitumbuka sijui hata salamu, siku ya kwanza nikasema Ziwa Nyasa darasa zima likanirekebisha kwa sauti moja, "Ziwa Malawi, madamu!" Alafu mwaka jana, wiki ile ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, ambayo kwao ni kesho yake tu ya sikukuu ya uhuru, nikawafundisha vitu viwili, vitatu, nilipofika vitatu wakaanza kurukaruka kwamba hiyo ni ya kwao, kumbe hata Kitumbuka ni vitatu hivyohivyo. Kuanzia siku hiyo nikawa wao. Sasa shangazi walimu wenzangu wananishauri niwaambie watoto naenda likizo Tanzania, Septemba narudi, ili wasilie. Nifanye hivyo? Na jingine, narudi mikono mitupu, kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44 Novemba 2023, miezi miwili tu tangu nifike, mshahara ukibadilisha kwa shilingi unabaki kidogo sana, naona aibu hata kuingia stendi ya Tukuyu mchana. Mwalimu, Mzuzu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaiweka, nikaichukua tena usiku, maana hilo la kuwaambia watoto naenda likizo mimi nililifanya na mpaka leo halijaniacha.

Mwaka 1996 nilimfuata kaka yangu Mpika, Zambia, alikuwa fundi kwenye karakana ya reli ya TAZARA, nikapata kazi ya kufundisha watoto wadogo pale mtaani, nikakaa nao miaka mitatu. Kulikuwa na katoto ka kiume ka miaka sita hivi, kazi yake alijipa mwenyewe, kila asubuhi anakuja getini kwa kaka kunibebea kapu la madaftari, kapu kubwa kuliko yeye, anashika mpini mmoja na mimi mwingine tunaenda hivyo mpaka darasani. Siku ya kuondoka nikawaambia watoto naenda Mbeya mara moja nitarudi, nikapanda treni usiku, nikajiona nimewaonea huruma. Baada ya kama mwezi kaka akaniandikia kwamba yule mtoto amekuja getini wiki mbili nzima, habishi hodi, anasimama tu, na siku wifi yangu alipomwambia mwalimu kasharudi kwao moja kwa moja alijibu hapana, aliniambia mara moja. Yaani alikuwa ananitetea mimi niliyemdanganya! Kibemba anayeondoka anawaambia wanaobaki "shalenipo", bakini salama. Neno nilikuwa nalijua vizuri kabisa na sikulisema.

Kwa hiyo usiwadanganye mwanangu, nakuomba. Mtoto wa miaka saba anaelewa kuondoka, asichoelewa ni kungoja mtu asiyekuja, na Septemba darasa likifunguliwa akaingia mtu mwingine watamchukia huyo mwalimu mpya bure wakati hana kosa. Waambie mapema, wiki tatu kabla, siyo Ijumaa ya mwisho. Wape tarehe kamili muandike ubaoni, wakiuliza kwa nini waambie mkataba umeisha na nyumbani kuna mama, hayo wanayaelewa. Wakilia waache walie na wewe kama chozi limekuja lisikutishe, ila usije ukasema nitarudi kwa sababu tu umeona machozi. Sema hivi, nikipata nafasi ya kuja kuwasalimia nitafurahi, siahidi. Na mwalimu anayekupokea kama kashapatikana mlete darasani siku zako za mwisho akae nao, wamzoee ukiwepo, hili naliona ni kubwa kuliko keki na soda za kuagana.

Picha piga za kwako za kumbukumbu, ila za watoto usizirushe mtandaoni bila wazazi kukubali.

Kuhusu mikono mitupu. Kwacha hukuishusha wewe, na hapa kwetu watu wa mpakani tunajua pesa ya upande wa pili inavyopanda na kushuka, wanaofanya biashara Kasumulu watakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Mama yako mwambie ukweli kwa simu kabla hujafika, asiwaandae majirani kwa mizigo ambayo haipo. Mnunulie kitenge kimoja kizuri na pakiti ya kahawa ya hukohuko Mzuzu, ingia stendi mchana kweupe. Ila kuna mzigo mmoja usiusahau, barua ya mkuu wa shule yenye muhuri, inayotaja miaka uliyofundisha na madarasa na masomo, uidai sasa hivi ukiwa bado uko pale maana ukishavuka mto Songwe pale mpakani kuifuatilia ni kazi, na ukiomba ajira huku hiyo barua ndiyo itakayokusemea. Alafu jiandae na kitu kimoja, huku shule zetu za serikali utafundisha kwa Kiswahili, kwa hiyo zile mbinu zako za huko za hesabu na michezo anza kuziandika kwenye daftari kwa Kiswahili sasa ukiwa bado unazikumbuka.

Na siku ya mwisho usifundishe wewe. Kaa kwenye dawati katikati yao, waambie wakufundishe namna ya kuaga kwa Kitumbuka, anayeondoka anasemaje na anayebaki anajibuje, wakurekebishe kama walivyokurekebisha lile ziwa, mpaka ukiweze. Alafu simama mlangoni uwaambie.