Maswali ya Wasomaji: Kwangu Inajengeka, Kwenye Guix Inagoma

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeandika laibrari ndogo kwa C ya kuchora menyu na madirisha ndani ya teminali, imekaa juu ya ncurses, ile laibrari ya kuendesha skrini ya teminali. Kwenye laptopu yangu ya Debian inajengeka freshi tu, ila nilipojaribu kuitengenezea pakeji ya Guix (mfumo wa kujenga na kuinstoli programu) ili wenzangu wa chuo waipate kirahisi vikaanza vituko. Kwanza linka inasema haioni -ltinfo, nikaifuta hiyo, halafu testi zikagoma na kuandika "Error opening terminal: unknown". Kuna jamaa kanishauri nizime testi tu niendelee. We unaonaje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi. Testi usizizime, nakuomba sana, maana hapo ndo Guix inakuonyesha kitu ambacho Debian ilikuwa inakufichia siku zote.

Guix, iliyoanzishwa na Ludovic Courtès mwaka 2012, imerithi wazo la Nix, mfumo mwenzake uliotangulia, lile ambalo Eelco Dolstra aliliandikia tasnifu yake ya udaktari kule Utrecht, Uholanzi, mwaka 2006: pakeji ni kama fankisheni ya hesabu, unachoingiza ndo kinachoamua unachopata, basi. Ndo maana ujenzi unafanyika kwenye chumba kilichofungwa, hakuna intaneti, hakuna /usr/lib, hata HOME (folda ya nyumbani) inaelekezwa kwenye folda isiyokuwepo kabisa, /homeless-shelter, halafu matokeo yanawekwa ndani ya /gnu/store kwenye folda ambayo jina lake linaanza na hashi inayotokana na vyote ulivyoingiza. Sasa laibrari yako ilikuwa kama mpangaji anayetumia umeme wa jirani bila kujua, kwenye laptopu yako kila kitu kipo karibu kwa hiyo hukuwahi kulazimika kukitaja.

Tuanze na -ltinfo. Debian wameikata ncurses vipande, zile fankisheni za kusoma uwezo wa teminali wamezitoa wakaziweka kwenye libtinfo peke yake. Guix kwenye pakeji ya kawaida ya ncurses hawajaikata, kwa hiyo libtinfo hamna. Wewe umeandika jina la laibrari kwa mkono ndani ya Makefile yako, na hapo ndo tatizo lilipo, wala sio Guix. Iulize pkg-config, programu inayojua kila laibrari inaunganishwaje: weka pkg-config --libs ncursesw, kwenye Debian itakujibu na tinfo ndani yake, kwenye Guix itakujibu bila tinfo, na Makefile moja inafanya kazi kote kote. Kwenye faili lako la guix.scm pkg-config inakaa native-inputs kwa sababu inahitajika wakati wa kujenga tu. Kuna pakeji nyingine kule ndani inaitwa ncurses/tinfo ambayo ina hiyo libtinfo, ila hiyo waachie wenye programu za watu ambazo hawawezi kuzirekebisha, wewe msimbo (code) ni wako.

Na ncurses yenyewe je, inputs (inatumiwa na pakeji yako tu) au propagated-inputs (inainstoliwa pamoja nayo kwa mtumiaji)? Wengi wanapatelezea hapa. Fungua heda yako ile ambayo watumiaji wataiita, kama ndani yake kuna #include <ncurses.h>, au faili lako la .pc (lile linalosomwa na pkg-config) linaitaja ncurses kwenye Requires, basi iweke propagated-inputs, la sivyo mtu ataiinstoli laibrari yako halafu kompaila yake inalalamika haioni ncurses.h na atakulaumu wewe, na atakuwa na haki. Ila kama ncurses umeificha ndani ya faili za .c tu, inputs inatosha, na kusema kweli ningependa ufanye hivyo, ni safi zaidi.

Sasa testi. "unknown" inatokea kwa sababu TERM, kigezo kinachotaja aina ya teminali, haijawekwa mle chumbani, ncurses haijui inaongea na teminali gani. Database ya terminfo, inayoeleza uwezo wa kila teminali, yenyewe ipo, inakuja pamoja na ncurses kwenye store. Ongeza hatua ndogo kabla ya check, ile hatua inayoendesha testi:

(add-before 'check 'weka-term
  (lambda _ (setenv "TERM" "xterm-256color")))

Hiyo inamaliza kesi nyingi. Kama kuna testi inayotaka teminali halisi, mfano inauliza upana wa skrini, mle hamna mtu aliyekaa mbele ya kioo, kwa hiyo iendeshe kupitia komandi ya script iliyo kwenye util-linux, inakutengenezea teminali ya bandia. Ikigoma tena jenga kwa guix build -K -f guix.scm, folda ya kazi itabaki kwenye /tmp uichungulie, ndani utakuta na faili la environment-variables. Ikishapita jenga tena na --check uone kama mara zote mbili inatoa kitu kile kile, mimi bila hiyo sitoi pakeji.

SWALI: Bando linaniisha kila nikijenga kitu kwenye Guix, na hapa ofisini tuko wengi kwenye waifai moja. Kuna njia? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ipo. Mashine moja ipakue, halafu iendeshe guix publish --advertise, hizo nyingine daemoni zao (guix-daemon, programu ya nyuma inayojenga na kupakua) ziwashwe na --discover, zitaiona wenyewe kwenye mtandao wa ndani na kuvuta kutoka kwake. Usiogope kupokea kitu kibovu, Guix itakubali tu kama ni sawa biti kwa biti na kilichosainiwa na seva unayoiamini. Na ukiendesha guix gc, komandi ya kusafisha store, hovyo inafuta vyote visivyoshikwa na kitu, kwa hiyo unapojenga weka --root ili kazi yako ishikiliwe.