Yule Rafiki Yako Anayeuliza

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. "Baba, ile mikutano yako ya watu wa pombe, mtu huipata vipi? Kuna rafiki yangu anauliza." Sitakuuliza huyo rafiki ni nani. Miaka tisa iliyopita mimi pia nilikuwa na rafiki wa namna hiyo, nikawa namuulizia kwa kinyozi.

Mwambie aanze na simu. NACADA, wale wa serikali wa kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana namba 1192, haina malipo, usiku na mchana, na humwelekeza mtu pa kupata msaada. AA nao (Alcoholics Anonymous, ndio wenye hiyo mikutano yangu) huweka mtandaoni orodha ya mikutano kwa mji, siku na saa. Ila asiiamini orodha kama msahafu. Vikundi huendeshwa na wanachama wenyewe, na kikundi kikihama ukumbi huenda hakuna aliyekumbuka kurekebisha orodha. Aulize kwanza kabla hajapanda matatu.

Mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeambiwa tu "ukumbi wa nyuma ya kanisa, saa kumi na mbili jioni". Nikapiga mbili za kujipa moyo, nikaenda. Mlango wazi, viti vya plastiki vimepangwa duara, chupa ya chai mezani. Nikaketi. Wakaanza kuzunguka: kila mtu anasimama, anataja jina lake na kiasi. Nami nikadhani, kumbe ndivyo inavyokwenda, mtu anataja kiasi anachokunywa. Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikataja jina, nikasema, "Nusu chupa, kila siku."

Kimya. Ilikuwa kamati ya harusi.

Mama aliyekuwa anaandika ahadi akaweka kalamu chini, akanishika kiwiko taratibu, akanitoa nje. "Wale wako chumba kile, karibu na jikoni." Hakuongeza neno. Mpaka leo sijui harusi yenyewe ilikuwa ya nani. Kwa hiyo rafiki yako asitafute bango. Wengi hawaweki, maana mambo ya watu wale hayatoki nje. Amuulize bawabu, anajua.

Karibu na jikoni nilikuta watu kama kumi. Hakuna aliyetaka jina langu la pili, wala daftari la kutia sahihi. Nilikuwa nanuka, wakanipa kiti, wakaniambia nisikilize tu, tutaongea kwenye chai. Sharti la AA ni moja, kutaka kuacha kunywa. Ada hakuna. Kikapu hupita, anayetaka anatia, mgeni anakipitisha kwa jirani. Mtu akizungumza hakatizwi, na akimaliza hakuna anayemjibu kwa mawaidha. Hilo lilinishangaza kuliko yote, kwa sababu mimi mawaidha nilikuwa nimeyashiba, mengine kutoka kwa mamako.

Kuna mikutano ya wazi, anaingia yeyote, na kuna iliyofungwa, ya wenye tatizo wenyewe. Rafiki yako akitaka kusindikizwa na mtu asiyekunywa, achague ya wazi. Akiogopa kuonekana, iko ya mtandaoni, anazima kamera. Mimi siipendi sana, sioni nyuso, lakini mwaka 2020 kumbi zilipofungwa ndiyo iliyonishika. Na asikate shauri kwa mkutano mmoja. Ule wangu wa kwanza mzee fulani alizungumzia shamba lake dakika ishirini. Kikundi cha tatu ndicho nilichobaki nacho.

Hapa soma polepole. Kama anaamka anatetemeka mikono mpaka atoe lock, yaani anywe tena ndipo atulie, asiache ghafla peke yake chumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa kwa mkupuo unaweza kuingia degedege, au mtu akaanza kuona visivyokuwepo, na watu hufa. Hospitali kwanza, mkutano baadaye.

Hata AA yenyewe ilianza na mtu kutafuta mtu. Mei 1935 Bill Wilson alikuwa amekwama hotelini Akron, Ohio, biashara imemharibikia, miezi mitano tu tangu aache kunywa. Baa anaisikia kutoka pale ukumbini. Kwenye ukumbi huohuo kulikuwa na orodha ya makanisa na simu. Akapiga simu akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, mpaka akaunganishwa na daktari mmoja wa upasuaji, Bob Smith. Daktari alikubali dakika kumi na tano. Waliagana usiku, saa kadhaa baadaye. Nami nilipoisikia hadithi hiyo nilicheka, maana yule alipiga simu nyingi na hakuangukia kamati ya harusi hata moja.

Alhamisi nina shughuli Nairobi. Nitashuka Nyamakima kama saa tisa, nile kitu, halafu jioni nina mkutano wangu, wa wazi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Saa kumi na moja na nusu nitakuwa nimesimama pale matatu za Nakuru zinapopakia, nimevaa lile koti la kijivu unalolichukia. Mwambie rafiki yako. Asipokuja sitampigia simu, nitaingia, maana mimi pia nauhitaji.

Mamako anasalimia. Sijamwambia kitu.

Babako