Mshale wa mafuta ukifuata indiketa, usikimbilie kununua boya

SWALI: Nina lori la zamani la Kijapani, umeme wake volti 24. Linabeba chumvi kutoka Lindi kwenda Masasi, na msimu ukifika linarudi na korosho. Nikiwasha taa, mshale wa mafuta unashuka karibu na E. Nikiweka indiketa unacheza nayo. Nimeshauriwa nibadilishe boya la tenki. Ni sahihi? – Msomaji, Mingoyo

JIBU: Hapana, usitoe hela bado. Boya, yaani kielea cha ndani ya tenki kinachopima kiwango cha mafuta, likiharibika, mshale hugoma au hurukaruka lori likitikisika. Halina habari na indiketa. Mshale unaokwenda na taa unaonyesha kwamba ethi ni mbovu, yaani umeme hauna njia safi ya kurudi kwenye hasi ya betri, hivyo taa na geji (kipimo chenye mshale) zinagombania njia moja iliyobanwa. Kwa lori la chumvi hilo si ajabu. Chumvi huvuta unyevu hewani, maji yake huchuruzika kwenye chasisi, na pale waya wa ethi ulipofungwa kwa bolti panaota kutu ambayo kwa macho huioni mpaka ufungue.

Chukua multimita (mita ya kupima umeme), iweke kwenye volti za DC. Washa taa kubwa na indiketa. Ncha nyeusi ikae kwenye kichwa chenyewe cha hasi ya betri, si kwenye klipu yake. Nyekundu igusishe kwa zamu: klipu ya betri, chasisi, injini, bodi ya kebini, mwisho tenki. Kila mahali gusa chuma kitupu, maana rangi na kutu hudanganya mita. Usomaji usizidi volti 0.2. Ukivuka 0.5 pana tatizo, na liko kati ya sehemu ya mwisho iliyosoma vizuri na ile iliyoruka. Kwenye malori mengi ni kati ya chasisi na kebini, kwa sababu kebini imekalia mipira na inategemea waya mmoja tu.

Fungua hasi ya betri kwanza. Kisha toa bolti, piga msasa kichwa cha waya na chuma cha chasisi mpaka ving'ae, kaza, ndipo upake grisi au vaselini juu. Ukikuta shaba imekuwa kijani ndani ya plastiki, msasa hausaidii: badilisha waya wote.

Ethi ikishakuwa safi na mshale bado unadanganya, sasa nenda kwenye tenki. Rudisha hasi ya betri, chomoa plagi ya boya, washa swichi: kwa magari mengi ya Kijapani mshale hubaki E. Unganisha waya wa geji na chasisi kupitia balbu ndogo ya volti 24, wati 3 hadi 5. Mshale uanze kupanda kuelekea F. Uupe dakika moja, geji za zamani hupanda taratibu. Ukipanda, geji na waya ni wazima. Toa boya na ulipime kwa omu (kipimo cha ukinzani kwenye multimita) ukiliinua kwa mkono: mengi ya Kijapani husoma karibu 110 likiwa chini na karibu 3 likiwa juu. Namba zipungue bila kukatika. Litikise pia, ukisikia dizeli ndani, limetoboka. Wakati wa kulitoa boya hasi ya betri iwe imefunguliwa tena, na sigara iwe mbali.

Na kama geji ya joto nayo inadanganya kwa wakati mmoja, tazama kidhibiti volti (kifaa kinachozipa geji umeme usiobadilika) nyuma ya dashibodi kabla ya yote hayo.

SWALI: Lori langu ni la volti 24, betri zake ni mbili. Moja inakufa kila mara, nyingine inamaliza maji. Alteneta, ile inayochaji betri, imepimwa, inatoa volti 28. – Msomaji, Newala

JIBU: Alteneta yako ni nzima. Fuata waya wa redio na chaja ya simu: bila shaka umechukuliwa kwenye betri moja ili kupata volti 12. Betri hiyo inanyonywa, na alteneta huona jumla tu, kwa hiyo ile nyingine inapewa chaji kupita kiasi mpaka inachemka. Funga kibadilishi cha volti 24 kwenda 12. Cha ampea 10 kinatosha. Chaji kila betri peke yake. Zikipumzika usiku mzima, kila moja isome angalau 12.6. Ikibidi kununua, nunua zote mbili, za ukubwa mmoja.

SWALI: Fyuzi ya taa za nyuma inaungua lori likipita kwenye mashimo ya barabara. Dereva ameweka kipande cha waya. – Msomaji, Mtwara

JIBU: Kitoe leo. Waya unaolindwa na fyuzi ndio utakaoungua, na lori litawaka nao. Toa balbu zote za njia hiyo, kisha mahali pa fyuzi unganisha balbu ya volti 24, wati 21. Ikiwaka, kuna waya unaogusa chasisi. Tikisa nyaya kuanzia kebini kwenda nyuma. Pale balbu inapozima ndipo penyewe. Anza nyuma ya kebini na kwenye kona za chasisi, ambako plastiki husuguliwa. Unga upya, vika kipande cha mpira wa maji, funga nyaya zisicheze, kisha rudisha fyuzi ya ampea zilizoandikwa kwenye kifuniko.