Kwa anayeanza kuchunguza dawa za mtapo

Ukipewa mtapo (mmea wenye majani kama ya mnazi na mbegu zenye sumu) au jamii yake kuwa mada ya utafiti, usikimbilie kusaga mbegu. Tangulia kwa wanaozitumia ukawaulize: mnaloweka muda gani, maji mnabadilisha mara ngapi, na yale ya kwanza mnayapeleka wapi? Kemia yako inaanzia hapo.

Wachamorro wa kisiwa cha Guam walikuwa wakikata mbegu za fadang, mtapo wa huko, wakiziloweka siku kadhaa kwa kubadilisha maji, kisha wakizianika na kuzisaga unga. Sumu kuu, saikasini, imeshikana na glukosi, kwa hiyo huyeyuka majini. Mwaka 1901, katika vita vya Makaburu na Waingereza, Jenerali Smuts wa Makaburu na wapiganaji wake walikula mbegu za mtapo wa Afrika Kusini katika milima ya Zuurberg bila maandalizi hayo, wakaugua vibaya. Nawe ukiloweka mbegu mbichi na kuyafanya yale maji kuwa dondoo lako (kiini cha dawa utakachopima), umekusanya kilichokuwa kinamwagwa.

Panapowapoteza wengi ni kwenye kipimo cha seli. Saikasini ikiwa bado na glukosi yake haina makali. Seli kwenye kisahani zinaweza kuivumilia, nawe ukaandika kwamba dawa ni salama. Ndani ya mtu mambo ni mengine: bakteria wa utumboni wana kimeng'enya cha kuikata glukosi, na kinachobaki huvunjika na kupachika methili, kipande kidogo cha kikemia, kwenye DNA na kuiharibu. Mtafiti Laqueur na wenzake walilionyesha hili kwa panya miaka ya 1960. Panya wa kawaida walipata saratani za ini na figo. Waliolelewa bila bakteria yoyote waliitoa saikasini karibu yote ilivyoingia, wakabaki wazima. Basi weka beta-glukosidasi, yaani kimeng'enya hicho cha kuikata glukosi, kwenye jaribio lako. Bila hiyo, mimi nisingeliamini tokeo lolote la usalama.

Kubandika mbegu mbichi kwenye kidonda, kama walivyofanya Wachamorro, ni swali jingine. Lipime peke yake. Pia pima BMAA, asidi ya amino ya mbegu hizi iliyotambuliwa mwaka 1967, ambayo mchango wake katika ugonjwa wa neva wa Guam bado unabishaniwa.

Na vibali vitangulie safari. Spishi zote za Encephalartos, mitapo ya Afrika, pamoja na hildebrandtii wa pwani yetu, zimo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Hata jani halivuki mpaka bila karatasi. Majani machache yanatosha kuanzia. Shina usiliguse, maana hukua polepole mno.