Pima usambamba kabla ya kuongeza kori

Programu yako ya grafu (data ya nodi, yaani vituo, zilizounganishwa na viungo) ikigoma kuongeza kasi hata baada ya kupewa kori nyingi, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, usikimbilie kulaumu kufuli zinazozuia kazi mbili kugusa data moja kwa pamoja. Jiulize kwanza: katika kila hatua, ni kazi ngapi zinaweza kwenda pamoja bila kugongana? Huo ndio usambamba. Kwenye matriki, jibu mara nyingi unalisoma kwenye kodi yenyewe. Kwenye grafu, miti na wavu wa pembetatu hulioni hapo, kwa sababu migongano inategemea data iliyoingia, tena hubadilika programu ikiendelea.

Mimi hutumia njia ya ParaMeter, zana ya kupima usambamba iliyoelezwa mwaka 2009 na Milind Kulkarni, Keshav Pingali na wenzao. Haihitaji mashine kubwa. Chukulia kwamba prosesa hazina kikomo na kila kazi inatumia muda uleule. Endesha programu kwa uzi mmoja, yaani kazi moja baada ya nyingine, ukizigawa kwa raundi. Pitia kazi zilizo kwenye foleni, chagua moja moja, na uruke yoyote inayogongana na iliyokwisha kuchaguliwa. Idadi ya zilizochaguliwa ndiyo usambamba wa raundi hiyo. Zilizorukwa, pamoja na kazi mpya zilizozaliwa, zinasubiri raundi ijayo.

Angalia sana unachokiita mgongano. Kazi mbili zikisoma nodi moja hakuna tatizo. Moja ikiandika pale mwenzake anaposoma, tayari zimegongana. Pia changanya foleni na urudie kupima, maana mpangilio ukibadilika, idadi nayo hubadilika.

Kisha chora namba za raundi zote. Tafadhali usiishie kwenye wastani, unaficha mengi mno. Algorithimu ya Borůvka, ya mwaka 1926, inayotafuta mti wa gharama ndogo zaidi unaounganisha nodi zote, huanza na vipande vingi vinavyoungana kwa mkupuo, lakini kila muungano hupunguza vipande, na mwishoni kori karibu zote hazina kazi. Hapo mimi huweka kizingiti: vipande vikipungua chini yake, narudi kwenye uzi mmoja. Kuboresha wavu wa Delaunay, yaani kurekebisha pembetatu zenye umbo baya kwenye wavu wa pembetatu, ni kinyume mwanzoni: wavu unakua, maeneo yanayorekebishwa yanaachana, usambamba unapanda, halafu unashuka pembetatu mbaya zinapokwisha.

Na upime kwa data utakayoitumia kweli. Grafu ya barabara ina nodi zenye majirani wachache; ya mtandao wa kijamii ina nodi chache zenye majirani maelfu, na kazi nyingi hugombania hizo hizo.