Kigoma hadi Tabora na watoto wawili: treni au basi?
Dada, umeuliza treni au basi, ukiwa na wa miaka minne na mwingine anayenyonya. Mimi nasema treni, ila upate behewa la kulala. Daraja la pili kulala chumba kina vitanda sita, na wanawake hawachanganywi na wanaume, labda familia ichukue chumba kizima. Mtoto analala amenyooka, choo kipo kwenye behewa hilo hilo, nepi unabadilisha kitandani.

Kwenye basi, mkubwa akibanwa na haja atasubiri mpaka watu washuke kuchimba dawa. Wangu alishindwa kungoja, na nguo zote za akiba zilikuwa kwenye buti. Acha tu.

Ukikuta imebaki daraja la tatu peke yake, usijitese, panda basi la asubuhi na uombe siti za mbele, mbali na tairi la nyuma. Mkatie mkubwa siti yake; kupakata wawili njia nzima hutaweza.

Treni huchelewa, kwa hiyo beba uji kwenye chupa ya chai. Usitegemee vya kununua dirishani Uvinza au Kaliua, pengine mtapita wauzaji wamelala. Na sweta, usiku dirisha likigoma kufunga utanikumbuka.