Paprika: Ndoto na Macho Vinapokutana

Barua kadhaa za mwezi huu zinahusu Paprika, filamu ya katuni ya Kijapani ya mwaka 2006 iliyoongozwa na Satoshi Kon. Tumechagua nne.

Salaam, wahariri. Nimeitazama mara mbili na bado nusu ya pili inanichanganya. Kuna alama gani ya kutambua kwamba sasa tuko ndotoni? – Msomaji, Morogoro

Usitafute ukungu wala rangi maalumu, ndugu yetu. Kon aliichora ndoto kwa uthabiti uleule alioichorea Tokyo, na hilo ndilo linaloifanya itishe. Fuata kifaa. DC Mini huvaliwa kichwani na kumwezesha daktari kuingia katika ndoto ya mgonjwa. Kimeibwa kabla mvumbuzi wake, Tokita, hajakiwekea kizuizi cha nani aruhusiwe kuingia wapi, kwa hiyo mwizi anaweza kumwaga ndoto ya mgonjwa kichwani mwa mtu aliye macho.

Dalili ya kwanza ni maneno. Mzee Shima, mkuu wa taasisi inayokitengeneza kifaa hicho, anazungumza vizuri tu, mara anaanza kuropoka kwa sauti ya hotuba, kisha anatimua mbio na kujirusha dirishani. Tangu hapo, ukisikia mtu akiropoka hivyo, au ukiona lile gwaride la majokofu, vyura na wanasesere, jua mpaka kati ya ndoto na macho umeshatoboka.

Rudia pia pale Daktari Atsuko, mtafiti mwenzake Tokita, anapomwona mwanasesere kwenye bustani ya michezo iliyotelekezwa, akapanda uzio ili amfuate. Anadakwa ghafla: kumbe alikuwa akiuruka ukingo wa roshani ya ghorofani. Alichokipanda kilikuwepo kweli. Kilichodanganya ni macho.

Habari zenu. Najifunza kutengeneza katuni kwa simu. Mhusika wangu akitoka ndotoni kuingia chumbani, picha inaonekana imeruka tu. Nakosea wapi? – Msomaji, Mwanza

Huenda unabadilisha kila kitu kwa mpigo. Siri ya Kon ni kuacha kitu kimoja kiendelee huku vingine vyote vikibadilika. Katika ndoto ya mpelelezi Konakawa mwanzoni, tunatolewa kwenye sarakasi tukapitishwa filamu moja baada ya nyingine, na kinachotuvusha ni mwendo wa mwili wake: anaanguka, anabembea, anakabwa.

Weka fremu (picha moja moja za filamu) 24 kwa sekunde, kila mchoro ukae fremu mbili. Sekunde nne zitakula michoro 48, lakini usianze na yote. Anza na miwili: wa mwisho wa ndotoni na wa kwanza wa chumbani. Ichore kwenye tabaka mbili, lile la juu ulififishe hadi nusu ili uone la chini. Kichwa kiwe na ukubwa uleule, mwili uwe umesogea mbele hatua moja tu ya mwendo. Ukinakili mkao uleule pande zote mbili za mkato, yaani pale picha moja inapoipisha nyingine, mhusika atasita kwa fremu mbili, na hapo ndipo wengi huharibu.

Kata tendo likiwa katikati, mguu ungali hewani. Mguu ukishatua, jicho la mtazamaji limepumzika na linapata nafasi ya kuuona mkato. Anayekwenda kulia aendelee kulia. Sauti ya chumbani ianze fremu 6 hadi 8 kabla ya picha, isipokuwa unataka kushtua. Hapo iache ije pamoja nayo. Tunakusihi usitumie ule mtindo wa picha moja kufifia huku nyingine ikijitokeza: unamtangazia mtazamaji kwamba ndoto imekwisha kabla hujamshika.

Shikamooni. Wanangu wana miaka 8 na 11, wanapenda sana katuni. Niwawekee hii? – Mama, Mombasa

Marahaba, mama. Usiwawekee. Marekani iliipa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 aitazame sinemani akiwa na mtu mzima. Kuna tukio ambapo Osanai, mtafiti mwenzake Atsuko, anamkandamiza Paprika, yaani Atsuko katika sura yake ya ndotoni, na kuuchana mwili wake kwa mkono, lenye ukatili wa kijinsia ulio wazi. Mtoto hahitaji kuliona.

Baada ya Paprika nitazame ipi ya Kon? – Mwanafunzi, Nairobi

Millennium Actress ya 2001. Humo ni kumbukumbu za mwigizaji mkongwe zinazochanganyika na filamu alizocheza, na mikato ni ya ufundi uleule. Kisha Tokyo Godfathers ya 2003, yenye kisa kilichonyooka zaidi. Kon alifariki Agosti 2010 akiwa na miaka 46, na filamu ndefu alizozikamilisha ni nne tu, hivyo unaweza kuzimaliza zote. Perfect Blue ya 1997 iache ya mwisho: ni nzito, ina damu na udhalilishaji, na inataka utulivu kuliko zote.